Sanduku la imeli si la mama sekretere peke yake

 

Juma lililopita tuliongea juu ya minervali na namna ya kuiwekea akiba kidogo kidogo. Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni la vijana au la watu wa ofisi: barua zinazoingia ndani ya telefone kwa njia ya imeli. Tunaliongea sababu barua moja tu ya namna hiyo ilitaka kuvunja kikundi chetu hapa Bukavu. Mama mwenye jambo hilo ametupa ruhusa ya kulisimulia, na ametuomba tusitaje jina lake.

Barua iliyolala majuma matatu

Mnaijua MUSO yetu ya wamama vijana, wale wanaojifunza kushona. Mwaka jana shirika moja lililokuwa linatusaidia lilituahidi mashini sita za kushona. Tulingoja. Kila siku ya posho, baada ya salongo, tulipokutana kutoa michango, swali lilikuwa moja: "Mama sekretere, wale watu wamesema nini?" Naye alijibu kwa moyo mweupe: "Bado, wamama. Hakuna kitu."

Siku moja mama prezidenti akapigiwa simu. Mtu wa shirika aliuliza kwa upole kwa nini hatukujibu. Walikuwa wametuandikia imeli wakiomba vitu viwili: orodha ya wamama wanaojifunza kushona pamoja na sahihi zao, na kopi ya statuti ya kikundi. Walikuwa wametoa siku kumi. Siku kumi zilipita, na nyingine kumi zikapita, na mashini zikaenda kwa kikundi kingine kilichojibu.

Hatutaficha yaliyofuata. Katika mkutano mama mmoja alinong'ona, kisha mwingine akasema kwa sauti: mashini zimeuzwa. Wa tatu akakumbusha kwamba mama sekretere alikuja na kitenge kipya siku ya sherehe. Mnajua maneno ya namna hiyo yanavyokimbia. Kabla ya jua kuzama yalikuwa yamekwisha kufika sokoni Kadutu. Mama sekretere hakujitetea. Alitoa telefone yake ndani ya pochi, akafungua imeli ya kikundi, akaiweka katikati ya meza na kusema: "Angalieni ninyi wenyewe."

Tuliangalia. Kulikuwa na barua 1346 ambazo hazijafunguliwa. Matangazo ya viatu. Matangazo ya kubeti mpira. Facebook ikisema fulani ameweka picha, fulani ana siku ya kuzaliwa. Watu tusiowajua wakisema tumeshinda dola elfu nyingi. Tuliteremka na kidole mpaka kikachoka, ndipo tukaiona barua ya shirika. Maandishi yake yalikuwa bado meusi na mazito, alama ya kwamba hakuna aliyeifungua. Mama yule hakuuza kitu. Hakuiona barua.

Sasa tuseme kosa letu sisi mwalimu tunaoandika ukurasa huu. Adresi ile ya kikundi tuliifungua sisi, kwenye telefone ya mama sekretere, siku moja baada ya masomo, kwa haraka. Tulimwandikia neno la siri kwenye kipande cha karatasi tukamwambia, "Utazoea." Hatukumwonyesha kitu kingine. Kisha yeye akatumia adresi ile ile kufungua Facebook yake, na kijana wake akaitumia kwa michezo, maana nyumbani hakukuwa na adresi nyingine. Sisi ambao kila mwaka tunawafundisha watoto kutenga kaye ya hesabu na kaye ya Kifaransa, tulimwachia mama mzima kaye moja ya kila kitu, kisha tukashangaa amepotea ndani yake.

Mama sekretere alikaa majuma mawili bila kuja. Juma la tatu tukaenda nyumbani kwake, mama prezidenti, mama trezoriye na sisi. Tulimwomba msamaha mbele ya bwana yake na watoto. Alikubali kurudi, kwa sharti moja: "Sitaki kuchunga sanduku hilo peke yangu tena." Sharti hilo ndilo somo letu la leo.

Adresi ya kikundi ni ya kikundi

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kutenga. Mama sekretere alifungua adresi yake mwenyewe kwa Facebook na mambo ya nyumba yake, na kijana akafungua ya kwake. Kufungua adresi hakulipishwi. Adresi ya kikundi ikabaki kwa kazi ya kikundi tu: mashirika, komini, vikundi vingine, mikutano. Haiandikishwi tena kwenye duka, kwenye mchezo wala kwenye tangazo lolote. Matangazo mengi yaliyotuzamisha yalikuja sababu adresi ilikuwa imeandikishwa huku na huku.

Jambo la pili: watu wawili. Kwetu sasa mama sekretere na mama trezoriye wote wawili wanalijua neno la siri. Limeandikwa pia kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la feza la MUSO, lile lenye kufuli tatu. Mmoja akiugua, akisafiri au akijifungua, mwingine anasoma. Na mmoja akifuta kitu, mwingine anaweza kuuliza. Hatusemi hivyo kwa kumshuku mtu. Hata feza zetu hatuzihesabu na mtu mmoja, na hakuna anayesema mama trezoriye ametukanwa.

Jambo la tatu ni namba ya telefone inayofungamana na adresi. Ukisahau neno la siri, mashini inatuma namba za siri kwenye telefone ile iliyoandikishwa siku ya kwanza. Tulipoangalia yetu, tuliona imeandikishwa namba ya kijana aliyetusaidia zamani, ambaye alikwisha kuhama na kupoteza SIM yake. Kama neno la siri lingepotea siku hiyo, adresi ingepotea pamoja nalo. Wamama, angalieni namba hiyo leo. Na siku mnapochagua sekretere mpya, mambo matatu yafanyike mbele ya mkutano: neno la siri libadilishwe, namba ibadilishwe, na adresi itolewe kwenye telefone ya sekretere wa zamani. Ni sawa na kumkabidhi muhuri wa kikundi.

Kuchambua kama maharage

Baada ya hapo tulikuwa bado na zile barua 1346. Mama sekretere aliziangalia akasema, "Hizi nitazimaliza nikiwa nyanya." Tukamwambia hapana, hatutazisoma zote. Ukiletewa gunia la maharage yenye mawe, huli punje moja moja ili ujue ipi ni jiwe. Unamwaga kwenye ungo na kutoa kwanza yale unayohitaji kupika leo.

Tulikwenda kwenye siberi siku moja mchana, tukalipa saa mbili za ordinatere. Mambo mengine ya kupanga ni rahisi kwenye ordinatere kuliko kwenye telefone ndogo, na ukiyapanga huko mara moja, unayakuta baadaye kwenye telefone. Adresi yetu ni ya Gmail, kama ya wengi wenu, na maneno yake kwetu yako kwa Kifaransa. Kwa hiyo tunawaandikia maneno kama mtakavyoyaona.

Juu kabisa kuna mahali pa kutafuta, penye neno "Rechercher". Tuliandika hapo jina la shirika la kwanza. Barua zake zote zikajipanga mbele yetu, za mwaka huu na za mwaka jana. Tukaandika jina la shirika la pili, kisha neno "réunion", kisha neno "projet", kisha jina la komini yetu. Kwa nusu saa tulikuwa tumetoa barua kama 60 zenye maana. Nyingine zote, zile zaidi ya elfu moja, tulizichagua kwa pamoja na kugusa neno "Archiver".

Neno hilo mlielewe vizuri, sababu wengi wanaliogopa. "Archiver" si kutupa. Ni kama kutoa karatasi kwenye meza na kuziweka kabatini. Ukizitafuta kwa jina, utazipata. Kutupa ni "Corbeille", yaani kapu la takataka, na kitu kilichotupwa humo kinafutwa kabisa baada ya siku 30. Kama huna hakika, weka kabatini, usitupe.

Kisha tukatengeneza farde tatu. Gmail inaziita "Libellés", lakini ninyi fikirieni farde zile za karatasi za ofisini. Wengine walitaka kumi: ya ushonaji, ya afya, ya masomo, ya kila shirika. Tulikataa. Farde zikiwa nyingi, mtu anasimama akijiuliza barua iende wapi, na mwisho anaiacha palepale. Zetu ni hizi:

Ya kwanza, KUJIBU. Humo tunaweka kila barua inayotuomba kitu: orodha, sahihi, jibu la ndiyo au hapana, kuhudhuria mkutano.

Ya pili, KUNGOJA. Humo tunaweka barua ambazo sisi tumekwisha kujibu na tunangoja upande wa pili. Kama shirika limesema "tutawapigia juma lijalo", barua yake inakaa hapa, na juma likipita kimya, tunawakumbusha.

Ya tatu, KUTUNZA. Humo tunaweka barua zilizokwisha kazi lakini tutazihitaji kesho: mikataba, barua za kukubaliwa, risiti, ripoti.

Tangu siku ile kazi ni nyepesi. Mama sekretere anafungua sanduku mara mbili kwa juma, siku ya pili na siku ya tano, jioni. Hafungui kila saa, maana ana watoto, ana shamba, na mega si za bure. Lakini akilifungua, halifungi mpaka kila barua imepata mahali. Sheria yake ni moja: barua ikifunguliwa, isiachwe ilipo. Kama jibu lake ni la dakika mbili, anajibu palepale. Kama linahitaji mkutano, inaingia KUJIBU. Kama haina maana, kapuni. Sisi walimu tunajua jambo hili kwa kusahihisha kaye: ukifungua kaye ya mtoto, ukaiangalia, ukaifunga bila kuandika alama, umefanya kazi bure, utaifungua tena kesho.

Na kuna jibu moja dogo ambalo linaokoa mambo mengi. Siku barua ya maana inapoingia, hata kama orodha haiko tayari, mama sekretere anaandika mstari mmoja: "Tumepokea barua yenu, aksanti. Tutawatumia karatasi kabla ya tarehe fulani." Kama mtu aliyetuandikia anatumia Kifaransa, anaandika "Bien reçu, merci" na tarehe. Mwenzako aliye upande wa pili haoni uso wako. Ukikaa kimya, hajui kama unakusanya sahihi au kama umekufa.

Mahali barua zinapojificha

Barua inaweza kuingia na bado usiione. Gmail inajaribu kukuchambulia yenyewe, na mara nyingine inakosea. Kwenye telefone, gusa mistari mitatu iliyo pembeni juu. Utaona "Principale", ambapo barua za watu zinaingia, lakini utaona pia "Promotions" na "Réseaux sociaux". Barua ya shirika iliyotumwa kwa vikundi vingi mara moja inaweza kutupwa kwenye "Promotions", mashini ikidhani ni tangazo la duka.

Chini zaidi kuna "Spam". Hapo ndipo barua za waongo zinafungwa, lakini mara kwa mara barua ya mtu mwema inafungwa pamoja nao, zaidi ikiwa ni mara yake ya kwanza kuwaandikia. Na mjue hili: kilicho ndani ya "Spam" kinafutwa chenyewe baada ya siku 30. Kwa hiyo mama sekretere anapita humo mara moja kwa juma, anasoma majina tu bila kufungua. Akiona jina tunalolijua, anaitoa kwa kuonyesha kwamba si spam, na mashini inajifunza.

Matangazo ya maduka ya kweli tuliyojiandikisha zamani yana neno "Se désabonner", juu au chini kabisa. Gusa hapo, yatakoma. Lakini barua ya mtu usiyemjua, usiguse kitu chochote ndani yake, hata neno hilo. Iweke kwenye "Spam" na uendelee na kazi yako.

Mega na nafasi

Mama mmoja alituuliza kama kusoma imeli kunakula mega nyingi. Maandishi matupu yanakula kidogo sana. Kinachokula ni picha na video zilizofungwa pamoja na barua. Hizo usizifungue ukiwa njiani. Ngoja ufike mahali penye intaneti ya bure au ya bei ndogo, kama unapo.

Sanduku nalo lina mwisho. Google inatoa gigabaiti 15 bila kulipa, na nafasi hiyo ni moja kwa barua, kwa karatasi za Drive na kwa picha zinazohifadhiwa kwa Google Photos. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na barua chache na bado akaambiwa nafasi imejaa: picha za arusi ndizo zimejaza. Na ikijaa, barua mpya haziingii tena, zinarudi kwa aliyezituma. Kama mnakaribia kujaa, andikeni pale kwenye "Rechercher" maandishi haya: larger:10M. Barua nzito zote zitatokea, na mtafuta zile zisizo na kazi.

Jambo jingine la kujua: Google inaweza kufuta adresi ambayo haikutumiwa kwa miaka miwili, pamoja na yote yaliyo ndani. Vikundi vinavyolala kwa muda, kwa sababu ya vita au ya watu kutawanyika, vikumbuke kuifungua adresi yao hata mara chache kwa mwaka.

Waongo wanaotujua

Barua za kusema umeshinda dola tunazicheka. Kuna nyingine ambazo hazichekeshi, sababu zinagusa kidonda. Kuna jamaa zinazongoja kupelekwa nchi nyingine, kuna vijana wenye diploma wanaongoja kazi miaka. Kwao inaingia barua yenye alama nzuri juu, ikisema: dosye yako imekubaliwa, tuma dola 50 za karatasi.

Wamama, shikeni mambo mawili haya na muwaambie watoto. Huduma za HCR kwa wakimbizi ni za bure, hata zile za kuhamishiwa nchi ya tatu. Na mashirika ya Umoja wa Mataifa hayaombi feza kwa mtu anayeomba kazi, si mwanzoni, si katikati, si mwishoni. Anayekuomba feza kwa jina lao ni mwizi.

Angalieni pia adresi yenyewe, si jina peke yake. Jina mtu yeyote anaweza kuandika apendavyo. Soma yale yanayofuata alama ya @. Shirika kubwa linaandika kwa adresi yenye jina lake lenyewe. Ukiona jina limebadilishwa herufi moja, au baada ya @ kuna gmail tu wakati mtu anajiita wakubwa wa shirika, usijibu. Piga simu kwa ofisi unayoijua, au nenda kwa miguu.

Neno la siri halipewi mtu kwa imeli wala kwa simu. Wala zile namba zinazofika kwenye telefone. Hakuna mtu wa Google atakayekupigia kukuomba hizo.

Barua isomwe kwa sauti

Tunafika kwenye jambo tunaloliona kubwa kuliko mengine yote. Farde na "Archiver" ni nzuri, lakini siyo zilizorudisha amani katika kikundi chetu. Amani ilirudi siku tulipoanza kusoma barua kwa sauti.

Katika MUSO yetu wako wamama wasiojua kusoma. Wako wengine wanaosoma Kiswahili vizuri, lakini barua za mashirika zinakuja kwa Kifaransa kigumu. Kwao imeli ilikuwa kitu kinachokaa ndani ya telefone ya mtu mwingine, kwa lugha ya mtu mwingine. Mtu akiwa hivyo, atakosaje kushuku? Yule mama aliyesema mashini zimeuzwa hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na njia nyingine ya kujua.

Kwa hiyo tulinunua kaye moja kubwa na kuipiga mistari, kama ofisi zinavyofanya kwa barua zinazoingia na zinazotoka. Mistari mitano tu: tarehe, nani ametuandikia, anataka nini, siku ya mwisho ya kujibu, tumejibu lini. Kila siku ya posho, kabla ya kuhesabu feza, mama sekretere anasimama na kaye hiyo na kusoma yote yaliyoingia juma hilo, kwa Kiswahili. Inachukua dakika tano. Kama hakuna kitu, anasema: "Juma hili hakuna barua ya maana," na mama trezoriye, ambaye naye ameangalia, anasema: "Ni kweli." Mama asiyejua kusoma sasa anajua barua ilisema nini na siku ya mwisho ni lini. Wengine wamekuwa wakali kuliko saa ya ukutani. "Mama sekretere, ile ya tarehe kumi na mbili mmeijibu?" Na yeye anafungua kaye na kumwonyesha kidole.

Kaye hiyo ina faida nyingine. Umeme ukikosa, telefone ikiibiwa, intaneti ikikatwa, kumbukumbu ya kikundi iko mkononi.

Na nyumbani kwetu

Yanayofaa kikundi yanafaa jamaa pia. Tunaishi mahali ambapo nyumba zinaungua, na ambapo mtu anaweza kutoka usiku na mtoto mgongoni bila kubeba kitu. Wanafunzi wetu wengi tumewaona wakija kujiandikisha bila karatasi hata moja, na mama akilia kwamba buletini na cheti cha kuzaliwa vimebaki huko.

Basi siku moja ya utulivu, piga picha nzuri za karatasi za watoto: cheti cha kuzaliwa, buletini, cheti cha ndoa, diploma ya Leta, karatasi za kiwanja. Jitumie mwenyewe kwa imeli, kwa adresi yako wewe na si ya kikundi. Pale juu, penye neno "Objet", andika wazi jina la mtoto na karatasi ni nini. Ziweke kwenye farde KUTUNZA. Picha hiyo haichukui nafasi ya karatasi yenyewe mbele ya ofisi, lakini ina namba, ina tarehe, ina muhuri unaosomeka, na mwenye hivyo ana mahali pa kuanzia. Kwa sababu hiyo neno lako la siri lisiwe jina la mtoto wala mwaka uliozaliwa.

Tumefika wapi

Mashini sita hazikurudi. Hatutaki kuwadanganya kwamba habari hii ilimalizika kwa mashini. Wamama vijana wanashona bado kwa zamu, kwenye mashini mbili za zamani, moja ikiwa na kanyagio lililofungwa kwa kamba. Kila tunapolisikia kanyagio lile tunakumbuka.

Lakini miezi michache baadaye iliingia barua nyingine ikialika watu wawili kwenye mafundisho ya ushonaji, na ikaomba majina kwa siku tano. Iliingia usiku wa siku ya kwanza. Siku ya pili jioni mama sekretere aliiona, akajibu kwa mstari mmoja, akaiandika kwenye kaye, akampigia mama prezidenti. Siku ya nne majina yaliondoka. Wawili wetu walikwenda na kurudi na cheti, na sasa wanafundisha wenzao. Siku ya posho iliyofuata, yule mama aliyesema habari za kitenge alisimama mwenyewe, bila kuombwa, akamshukuru mama sekretere mbele ya wote. Hakuna aliyesema neno zaidi. Tulihesabu michango, tukaimba, tukarudi nyumbani.

Kazi ya nyumbani ya juma hili, maana sisi ni walimu na hatuwezi kuwaacha bila kazi: kila kikundi kiulize maswali manne. Nani analijua neno la siri letu, na kama ni mmoja, wa pili atakuwa nani? Namba ya telefone iliyofungamana na adresi ni ya nani? Ndani ya "Spam" leo kuna nini? Na barua ya mwisho iliyoingia, je, mama anayekaa nyuma kabisa kwenye mkutano anajua ilisema nini?